Mafiga Matatu ya Moto

1. Wakaangaji wa samaki

Mtu akishuka jioni katika mji wa Bagamoyo kwa njia iendayo pwani, hufika kwenye soko la samaki, karibu na forodha ya zamani ya wakati wa Wajerumani. Kabla hajaona kitu, pua yake humpa habari, maana harufu ya samaki wa kukaanga imejaa hewani. Akikaribia ataona makarai makubwa yameinjikwa juu ya moto, mafuta yanatokota, na wakaangaji wamesimama kando yake, kila mmoja na mwiko wake mrefu wa chuma wenye matundu. Samaki akitiwa, mafuta hupiga kelele na kurusha matone.

Tazameni sana jinsi mkaangaji hodari afanyavyo kazi yake. Hatii samaki aliye majimaji, humkausha kwanza. Hamtupi kutoka mbali, bali humlaza taratibu, mkia ukielekea upande wa pili, ili mafuta yakiruka yasimrukie yeye. Hajazi karai mpaka ukingoni. Wala hauachi moto peke yake hata kwa dakika moja; akiitwa, humwita mwenzake ashike zamu.

Mtu kama huyu husimama karibu na moto mkali siku nyingi, wala haungui ovyo. Si kwamba ana dawa, wala si kwamba moto unampenda. Yeye azijua tabia za moto, na azijuaye tabia za moto hukaa nao kwa salama. Katika somo hili tutajifunza tabia hizo, kisha tutatazama jinsi zinavyotufaa katika majiko ya kila namna, tangu mafiga ya bibi zetu mpaka jiko la gesi na tanuri ya umeme.

2. Habari ya karai letu

Kwanza nitawapa habari iliyotokea nyumbani kwetu, ili mjue kwa nini nimelichagua somo hili.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tulikaa katika kijiji kimoja upande wa kaskazini wa Bagamoyo. Jiko letu lilikuwa banda la makuti uani. Siku moja ya kaskazi, wakati makuti yakaukapo sana, mama mkubwa alikuwa akikaanga changu. Kaka yangu, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nilikuwa nikichagua mchele. Mtu akapiga hodi mlango wa mbele. Mama mkubwa akaenda kumwitikia, akaliacha karai motoni. Mgeni alikuwa ameleta habari za msiba, nazo habari za msiba hazielezwi kwa neno moja.

Tukaona moshi ukipanda kutoka katika karai, tukadhani ni mvuke. Mara ule moshi ukageuka kuwa mwali. Kaka hakukimbia. Alifanya jambo ambalo mtoto yeyote mwenye moyo angalifanya: alichota maji mtungini kwa kata, akayamwaga juu ya mafuta.

Moto haukuzimika. Uliruka! Mwali ulipanda mpaka paani kwa kishindo. Mafuta yakamrukia kaka mkono wa kuume, toka begani mpaka vidoleni. Na makuti yakashika moto. Majirani walikuja mbio, wengine wakaangusha paa kwa miti mirefu, wengine wakatupa mchanga. Nyumba kubwa ikapona, lakini jiko likawa majivu.

Kaka akapakwa dawa ya meno, na juu yake unga wa muhogo. Watu walifanya hivyo kwa huruma, kwa sababu ndivyo nao walivyofundishwa na wazee wao. Alipofikishwa hospitali siku ya pili, tabibu alichukua muda mrefu kuuondoa ule unga uliogandamana na jeraha, na kaka alilia hata sauti ikamkauka. Mkono ulipona, lakini kiwiko hakinyoki tena sawasawa. Alikuwa akitamani kuwa fundi wa kuunda mashua. Leo hushona nyavu, na sindano ya nyavu huishika kwa mkono wa kushoto.

Makosa ya siku ile yalikuwa matatu: karai kuachwa peke yake, maji kumwagwa juu ya mafuta, na unga kupakwa juu ya jeraha. Hapana hata moja lililofanywa kwa ubaya. Yote yalifanywa kwa kutojua.

3. Moto hukaa juu ya nini?

Kila mtoto wa pwani ajua kwamba chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Hata wapagazi waliochukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo katika karne ya 19, walipika kambini kwa mawe namna hiyo. Nanyi mwajua ya kuwa figa moja haliinjiki chungu. Ondoa moja tu, chungu kitaanguka. Hapana haja ya kuyaondoa yote.

Sasa shikeni neno hili: moto nao una mafiga yake matatu.

Figa la kwanza ni chakula cha moto. Kuni, makaa, vifuu, makuti, mafuta, gesi, nguo na karatasi, vyote ni chakula chake.

Figa la pili ni hewa. Kwa hakika moto hautaki hewa yote, bali ile sehemu yake iitwayo oksijeni, ambayo ni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo.

Figa la tatu ni joto. Gogo la mwembe laweza kulala uani mwaka mzima, lina chakula na lina hewa, wala lisiwake, kwa sababu halijapata joto la kuliwasha.

Mwalimu na awaonyeshe kwa mshumaa. Auwashe, kisha aufunike kwa bilauri. Baada ya muda mfupi mwali utafifia na kufa. Nta bado ipo, utambi bado una joto, lakini oksijeni imepungua. Figa moja limeondoka, na moto umeanguka.

Mpishi naye huyachezea mafiga haya kila siku pasipo kuyajua majina yake. Apungapo kipepeo, huongeza hewa. Achocheapo kuni, huongeza chakula. Amwagapo maji juu ya kijinga cha moto, huondoa joto. Basi kila mara uonapo moto usiotakiwa, jiulize upesi: ni figa gani naweza kuliondoa bila kujiumiza?

4. Mafuta yakishika moto

Hapa pwani, tukaapo usawa wa bahari, maji huchemka yafikapo joto la nyuzi 100. Mafuta hufaa kukaangia samaki yafikapo nyuzi 180 hivi. Yakiachwa juu ya moto huzidi kupata joto. Huanza kutoa moshi, na yakipita nyuzi 300 yaweza kuwaka yenyewe, hata kama hayakuguswa na mwali. Kwa hiyo moshi wa mafuta ni mbiu. Ukiuona, zima jiko au punguza moto mara moja.

Je, kwa nini maji yaliyomwagwa na kaka yangu hayakuzima moto? Sababu ni hii. Maji ni mazito kuliko mafuta, basi huzama chini yake. Huko chini hukutana na joto lipitalo sana nyuzi 100, nayo hugeuka mvuke kwa ghafula. Mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji, yapata mara 1,600. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa kujaza madebe 80! Mvuke huo hutafuta pa kutokea, nao huyarusha mafuta juu katika matone madogo madogo. Kila tone huzungukwa na hewa, na kila tone huwaka. Kaka alidhani anaondoa figa la joto, kumbe aliongeza figa la hewa.

Figa la kuondoa hapa ni hewa. Fanya hivi:

Zima jiko, ikiwa waweza kulifikia bila kupitisha mkono juu ya mwali.

Chukua mfuniko wa sufuria, au sinia la madini lililo kubwa kuliko karai. Ushike mbele yako kama ngao, uutelezeshe kutoka upande wako mpaka ufunike chombo chote.

Uache pale pale mpaka chombo kipoe kabisa. Ukifunua upesi, hewa itaingia na moto utafufuka.

Usilibebe karai kulitoa nje, kwani mafuta yatakumwagikia nawe utalitupa. Usifunike kwa kawa wala ungo, maana hivyo ni chakula cha moto. Usitupe unga juu yake. Chembechembe za unga zikitawanyika hewani huwaka kwa kishindo.

Ikiwa moto umekwisha kushika paa, kazi yako si kuuzima tena. Watoe watu, funga mlango nyuma yako, kisha waite majirani, na mtu apige simu namba 114, ambayo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usirudi ndani kwa ajili ya kitu chochote.

5. Jiko la kuni na la makaa

Ukipika kwa mafiga, chagua mawe yako vizuri. Usiyatoe majini wala ufukoni. Jiwe lililonywa maji huyaficha ndani yake. Likipata moto, maji hugeuka mvuke na jiwe hupasuka na kurusha vipande. Tena mawe ya matumbawe hayafai kwa moto wa siku nyingi, kwa maana ni yale yale ambayo mafundi wa pwani huyachoma katika tanuu kufanya chokaa.

Angalia upepo. Kwetu kaskazi huvuma toka Desemba mpaka Machi, na kusi huvuma katikati ya mwaka. Usiwashe moto mahali ambapo upepo huchukua cheche kuzipeleka kwenye paa la makuti. Kabla ya kulala, vuta vijinga kutoka katika mafiga, uvizime kwa maji au mchanga, uhakikishe kwamba havitoi moshi. Kijinga kilichofukiwa majivuni chaweza kuwa hai mpaka asubuhi. Ndoo ya mchanga mkavu iwe daima karibu na jiko. Mchanga twaupata bure.

Mpishi aifunge kanga yake barabara. Ncha inayoning'inia hushika moto kabla mwenyewe hajaijua. Nguo ikishika moto, usikimbie, kwa kuwa mkimbiaji huipepea na kuiongezea hewa. Simama, lala chini, jiviringishe mchangani huku umefunika uso kwa mikono.

Tena kuna adui wawili watokao katika jiko. Wa kwanza ni moshi, nao huonekana. Huumiza macho na mapafu, hasa ya mama na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kwa hiyo jiko liwe na dirisha au uwazi juu, na kuni ziwe kavu, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

Adui wa pili haonekani, hana harufu, wala hamkohozi mtu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Hewa hii hutoka katika makaa yawakayo, hata kama yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Ikivutwa, hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu huzunguka mwilini bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala usingizi asiamke.

Usiku wa masika, baridi na mvua zikizidi, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha. Nyumba za zamani za makuti zilikuwa na nyufa nyingi za kupitisha hewa, na hata hivyo jambo hilo halikuwa salama. Nyumba za siku hizi, za matofali, bati na vioo, hufungika kabisa, na hatari imezidi. Jiko la makaa lisilale chumbani kamwe, hata kama makaa yanaelekea kufa. Ukimkuta mtu amelewa na hewa hiyo, fungua milango, mtoe nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali upesi.

6. Jiko la mafuta ya taa

Jiko hili, ambalo wengine huliita jiko la mchina, hunywa mafuta kwa tambi. Sheria zake ni nne.

Jaza mafuta jiko likiwa limezimika na kupoa, tena lijaze nje ya nyumba. Pangusa yaliyomwagika kabla ya kuwasha.

Usichanganye mafuta ya taa na petroli. Petroli hutoa mvuke uwakao hata katika baridi, nao husafiri hewani kwenda kuutafuta moto mahali ulipo.

Usimwage mafuta ya taa juu ya kuni au makaa yaliyo hai ili kuuharakisha moto. Mwali hurudi kwa njia ile ile mpaka katika chupa iliyo mkononi mwako.

Usiyaweke mafuta ya taa katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, maana mtoto huijua chupa, wala hakijui kilichomo. Aliyeyanywa asitapishwe, kwani mafuta yakirudi juu yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

7. Jiko la gesi

Tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dar es Salaam mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Kwa hiyo wengi wenu mtapika kwa gesi au kwa umeme, na yawapasa kujifunza tabia zake sasa.

Gesi ya mtungi imebanwa hata ikawa kama maji. Itokapo huwa nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi. Hushuka sakafuni, hutambaa, hujikusanya pembeni na chini ya vitanda. Kwa asili yake haina harufu. Hutiwa dawa yenye harufu mbaya makusudi, ili ikivuja tupate kuijua. Basi harufu hiyo msiizoee wala msiifukizie ubani. Ni mlinzi anayepiga kelele.

Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na mwali. Mpira wake uwe mzima. Ukianza kupasuka ubadilishwe. Ili kujua kama gesi inavuja, paka povu la sabuni penye maungio: mapovu yakivimba, gesi inatoka. Usijaribu kamwe kutafuta uvujaji kwa kiberiti.

Wakati wa kuwasha, utaratibu ni huu: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Anayefungua gesi kisha akaanza kutafuta kiberiti, hukiandalia kiberiti hicho karamu. Ukimaliza kupika, funga mtungini, si kwenye jiko peke yake.

Usiuache uji wala tui bila mtu wa kuvitazama. Vikifurika huuzima mwali, lakini gesi huendelea kutoka.

Ukisikia harufu ya gesi nyumbani, usiwashe kiberiti, wala taa ya umeme. Hata kuzima swichi kwaweza kutoa cheche. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje na wote waliomo, na simu ipigwe ukiwa nje. Hapa umeondoa figa la joto kwa kutoliwasha kabisa.

8. Tanuri, na mkate wa kumimina

Watu hudhani kwamba tanuri ni jambo geni lililokuja na meli. Sivyo. Mama zetu walipika mkate wa kumimina kwa unga wa mchele na tui tangu zamani. Waliinjika sufuria juu ya makaa machache, wakaifunika kwa bati, kisha wakapalia makaa mengi juu ya bati, ili moto uwe chini na juu. Tanuri ya gesi au ya umeme hufanya kazi ile ile, ila moto wake umefungiwa katika sanduku, na joto lake hupimwa. Keki hupikwa katika joto la nyuzi 180 hivi.

Anayepika kwa kupalia atumie koleo, alinyanyue bati sawasawa bila kuliinamisha, na aliweke juu ya ardhi tupu, si juu ya mkeka. Anayepika kwa tanuri ya gesi afungue mlango kwanza, awashe kiberiti, ndipo afungue gesi. Isipowaka mara ya kwanza, aifunge, auache mlango wazi kwa dakika kadhaa, ndipo ajaribu tena.

Ufunguapo tanuri iliyo moto, simama kando, maana joto hutoka kwa nguvu na kupiga uso. Ni vivyo hivyo kwa sufuria ya wali: funua mfuniko kwa kuuelekeza mbali nawe, kwa kuwa mvuke huunguza kama maji yachemkayo. Shika vyombo kwa kitambaa kikavu na kinene. Kitambaa chenye maji hupitisha joto upesi mpaka mkononi.

Mikono ya vikaango ielekee ndani ya jiko, isitokeze nje mahali ambapo mtoto mdogo aweza kuivuta. Jiko la umeme usiliguse kwa mikono yenye maji. Likiwaka moto, kata umeme kwanza. Maji hupitisha umeme, basi usiyamwagie.

9. Mtu akiungua

Hili ndilo neno la kukumbukwa kuliko yote, kwa sababu ndilo lililotupotea nyumbani kwetu.

Mtu akiungua, mpoze kwa maji. Mimina maji safi, ya kawaida, yasiyo barafu, juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi. Mtoto atalia na watu watakuambia yatosha. Usiache. Ngozi iliyoungua hubaki na joto ndani yake, nalo huendelea kuunguza hata baada ya moto kuondolewa. Kama hapana bomba, mimina kwa kata, taratibu, mara kwa mara. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, asipatwe na baridi.

Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu, kabla mwili haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute.

Usipake dawa ya meno, unga, majivu, yai, mafuta wala tope. Vitu hivi hufungia joto ndani, huleta uchafu, na humzuia tabibu asione jeraha. Malengelenge usiyapasue.

Kisha funika kwa kitambaa safi bila kukaza, umpeleke zahanati au hospitali. Asichelewe hasa akiwa mtoto mdogo, au ikiwa uso, mikono, miguu au viungo vimeungua, au jeraha likipita ukubwa wa kiganja chake mwenyewe.

10. Kinga na kinga

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapo ni kijinga cha moto: kimoja pekee hakiwaki, vikiwekwa pamoja huwaka. Lakini neno hilo hilo kinga lina maana nyingine, yaani kitu cha kumlinda mtu asipatwe na madhara. Basi katika nyumba yenye vijinga vya moto na iwepo pia kinga ya namna hii ya pili.

Kaka yangu ana watoto sasa. Nilipowatembelea mwezi uliopita, binti yake mkubwa alikuwa anajitayarisha kukaanga samaki. Kabla ya kumimina mafuta alichukua mfuniko wa bati, akauweka kando ya karai, upande wa mkono wake wa kuume. Nikamwuliza, “Mfuniko huu ni wa kazi gani, nawe hujaanza hata kupika?” Akanijibu, “Baba mdogo, huu ni wa kuondolea figa.” Kaka alikuwa ameketi barazani na nyavu zake. Alisikia, lakini hakusema neno, aliendelea kushona.

Maulizo

1. Taja mafiga matatu ya moto. Upungapo kipepeo jikoni, waongeza figa gani?
2. Eleza kwa nini maji yakimwagwa juu ya mafuta yawakayo huuzidisha moto.
3. Kwa nini jiko la makaa lisilotoa moshi laweza kumwua mtu aliyelala chumbani?
4. Gesi ya mtungi ikivuja, hukusanyika wapi? Taja mambo ambayo hupaswi kuyafanya.
5. Mtoto ameungua mkono kwa chai. Eleza kwa utaratibu utakayoyafanya.
6. Leo jioni litazame jiko la nyumbani kwenu. Andika mambo matatu yaliyo salama, na moja la kutengenezwa. Mweleze mama au bibi kwa adabu.